Vidole vya Bi Mize na Mashine ya Kadi

Mgeni rasmi Bwana Hafidh, ambaye ni Meneja wa Benki; Sheha wetu, wazee na majirani wa Micheweni: Assalaam alaykum.

MAKARIBISHO

Karibu sana. Tumefurahi umekuja mwenyewe kutukabidhi mashine ya kadi, maana wageni wanaonunua sabuni zetu za mwani siku hizi hawatembei na noti. Wanauliza kama tunapokea kadi, tunatikisa kichwa, wanaziweka sabuni chini na kwenda zao. Inauma.

TULIKOTOKA

Kilimo hiki cha mwani hapa alikianza Bi Mize Nyange, yule pale mwenye kanga ya zambarau, anayejifanya hasikii. Alipoingia pwani na vigingi na kamba, wanaume walimcheka kuwa anapanda majani baharini. Mwani ulipopata mnunuzi wakanyamaza, kisha wakaleta wake zao wafundishwe.

Ungeziona siku za malipo za wakati ule. Mnunuzi akishatua mizani yake, uji unachemka, hakuna anayebaki nyumbani. Pesa unapewa mkononi, unaifunga pindoni mwa kanga, na Bi Mize anapita akilishika fundo la kila mmoja: "Hebu nione, leo mume anakula kuku au anakula maneno?" Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Siku hizi pesa huingia kwenye simu kimya kimya, kila mtu yuko kwake. Wallahi tunaikumbuka kelele ile.

TULICHOPATA

Tumejenga duka, na sabuni zetu zinafika Unguja. Asya, binti wa mwenzetu, amesomea uuguzi kwa pesa ya mwani. Simu nazo zimetupunguzia safari za mjini Chake Chake na hofu ya wezi. Hatukatai mambo mapya.

KINACHOTUKERA

Laini ya simu haisajiliwi bila alama ya kidole, na akaunti ya ushirika nayo inataka kidole cha kila mtia saini. Vidole vya Bi Mize vimeliwa na kamba na maji ya chumvi. Alishauriwa apumzike ngozi irudi. Basi akaacha bamvua zima, siku ambazo bahari hukupwa mbali na mwani huvunwa: maji yametoka, sisi tuko pwani, yeye yuko ndani anajipaka mafuta ya nazi. Mwani wake ukakatika, ukachukuliwa na maji. Alipofika ofisi ya laini za simu, mafuta yakakitia ukungu kioo cha kusomea vidole. Msichana wa pale akakifuta kwa upole, akajaribu kidole baada ya kidole, mwisho akasema, "Bibi, huna alama."

Bi Mize alirudi, akakaa barazani akivitazama vidole vyake. Moyoni aliona kama ameambiwa kazi yake yote ndiyo iliyomfuta.

Sasa pesa yake inaingia kwenye simu ya mkwewe, Haitham, mume wa bintiye. Haitham si mwizi, tunalisema mbele yake. Lakini akenda Unguja, pesa ya Bi Mize nayo imekwenda Unguja. Na mnajua mama mkwe na mkwewe wanavyostahiana. "Mie nikitaka chumvi nikamgongee mkwe mlango?" alituuliza. Anaona haya, analala bila kitoweo.

Kwenye karatasi za mashine hii, jina lake halimo. Tumeambiwa tumwandike mlezi wa heshima.

OMBI

Tulitaka kuomba banda la kukaushia na tangi la maji. Tumeyafuta. Tunaomba benki imtambue Bi Mize kwa sura yake, kwa ushahidi wa Sheha, kwa njia yoyote mnayoijua, apate akaunti yake, na awe mmoja wa watia saini wetu. Ikishindikana, Mgeni rasmi, tunakuomba kwa heshima zote uondoke na mashine. Wageni wa kadi tutawakosa, tunajua. Tumekubaliana sote isipokuwa Bi Mize, aliyetukataza, na katika hili peke yake hatukumtii.

Wali uko tayari, na utakula kwa jibu lolote utakalotupa. Mwenyezi Mungu akupe afya, akulindie watoto, akurudishe kwako salama.

Ni sisi, wanafunzi wa Bi Mize,
Ushirika wa Mwani na Sabuni Hatuachani, Micheweni.
Imesomwa na Ruweida Talib.