Bi Chaki na Kaunta ya Baba

Tunayemsindikiza leo ni dada yetu, msanifu majengo ambaye wengi wenu mlimwita Bi Chaki, na wengine, akiwa hayupo, Mama Mbishi. Majina yote mawili yalimkaa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, kifungua mimba wa karani wa posta na mshonaji wa nguo. Baba yetu aliuza stempu miaka thelathini na mmoja kwenye kaunta moja ya mbao, posta kuu katikati ya mji. Baada ya shule marehemu alimsubiri pale sakafuni, akichora nyumba kwa chaki. Baba alikuwa akiziruka nyumba zile, asizikanyage.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akaingia chuo kikuu 1977, msichana peke yake katika darasa la watu ishirini na wawili. Mhadhiri mmoja alimuuliza kama hakupotea njia akitafuta darasa la upishi. Akajibu, "Sikupotea, mwalimu. Ila hilo jiko ulilochora ubaoni, mlango wake unagonga sinki." Alihitimu 1982, akawa wa pili. Habari za huyo wa kwanza tulizisikia miaka arobaini.

Mwaka 1986 aliolewa na mpima ardhi, shemeji yetu huyu mpole. Walibishania vipimo hata vya kitanda, wakajaliwa watoto wawili.

Aliajiriwa idara ya ujenzi ya mji mwaka 1983, akafungua ofisi yake 1994, juu ya kibanda cha fundi viatu. Posta kuu ile ya baba ilipofungwa 2008, wakubwa walitaka jengo livunjwe. Alilipigania kufa na kupona, hadi wakampa aligeuze makumbusho ya sanaa za leo. Kuta alizining'iniza kwenye reli za darini, zisukumwe. Ukumbi mmoja wa asubuhi uwe vyumba vinne jioni. Kila ukuta aliuchora kwanza sakafuni kwa chaki, ukubwa wake kamili, akatupitisha humo kama wageni. Makumbusho yalifunguliwa tarehe 6 Juni 2013.

Lakini mganga hajigangi. Kila kitu kilihama, isipokuwa kaunta ya baba, aliyoipigilia katikati ya ukumbi. Kuta mbili kubwa zikawa hazipiti.

Seremala wake alimwambia wazi, "Mama, ulisema kila kitu kihame. Hii je?"

"Hii haiguswi."

"Basi makumbusho yako yana kilema."

Walinuniana miezi mitatu. Mdogo wake, huyu anayewasomea, alikuwa upande wa dada. Baba alifariki 1999, na kaunta ile ndiyo kumbukumbu aliyotuachia.

Mwaka 2023 alipatikana na saratani ya damu. Septemba mwaka huu aliomba apelekwe makumbusho kwa kiti cha magurudumu. Akawatazama wafanyakazi wakihangaika na ukuta mbele ya kaunta, jasho likiwatiririka. Akaomba chaki. Kutoka kitini hakuifikia sakafu, ikabidi seremala achore kwa maelekezo yake, mstari kutoka kwenye kaunta, kukatiza ukumbi hadi pembeni.

"Itie magurudumu," akasema.

Mdogo wake aling'aka, "Dada! Si ya baba hii?"

"Baba aliruka chaki zangu ili mimi nichore," akasema. "Mimi nimewazibia watu njia miaka kumi na miwili. Eti namheshimu."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa mbili asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu, wadogo zake wawili, na seremala, ambaye sasa ni ndugu yetu.

Jana, alipopelekwa makumbusho kuagwa, jeneza na watu hawakuenea ukumbini. Kaunta ilikwisha kutiwa magurudumu, lakini hakuna aliyethubutu kuigusa. Mdogo wake akaenda, akaisukuma huku analia. Ikateleza kirahisi hadi pembeni. Ndipo jeneza likaingia. Wabebaji walipoufikia mstari ule wa chaki, ambao hakuna aliyeufuta, kila mmoja aliuruka, asiukanyage.

Njia ni nyeupe, dada. Pumzika.