Bwana Kambi na Maji ya Pipa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, lakini leo msitegemee utamu. Tunamkumbuka fundi turubai mmoja ambaye wengi wenu mlimzoea kwa jina la Bwana Kambi. Amefariki akiwa na miaka arobaini na sita. Amefariki kwa kuharisha. Narudia: kwa kuharisha. Mjane wake ameniomba nilitamke neno hilo mara mbili, maana msibani, anasema, kila mtu alilikwepa.

Mjane mwenyewe ni dobi. Yupo hapa studio, amekaa mbele yangu, vidole vimechunika kwa sabuni. Kipaza sauti hakitaki. Kanisimulia yote, kisha akanionya nisipake rangi.

Tuanze na mazuri, maana yalikuwepo. Bwana Kambi alishona mahema na vifuniko vya malori. Karakana yake ilinuka nta ya uzi, na cherehani yake ilikuwa nzito kiasi kwamba walioihamisha siku moja walilalamika migongo wiki nzima. Kila likizo ya shule alichukua mke na mabinti wawili, wakaenda kupiga kambi kando ya mto. Siku saba. Lori la kazini liliwashusha na kuondoka, likarudi siku ya saba. Mabinti walijua kuwasha moto kwa kuni mbichi. Walijua kuchimba choo, kuziba hema lililochanika, kufunga fundo lisilolegea. Wenzao mjini walikuwa hawajui hata kukunja shuka.

Sheria ya kambi ilikuwa moja: hatuombi. Kutoa, ruksa. Majirani wa mahema mengine waliazima kamba, nyundo, sindano, naye aliwapa huku anatabasamu. Kuomba yeye, thubutu. Watu wa kuombaomba walimtia kinyaa kabisa. "Anayeomba kiberiti leo," alizoea kusema, "kesho ataomba umtafunie."

Mwaka mmoja binti mdogo alisahau kijiko nyumbani. Mama wa hema la jirani akaleta kijiko. Bwana Kambi akakirudisha kwa shukrani nyingi, na mtoto akala uji wiki nzima kwa kibanzi cha mti alichojichongea. Watu walicheka, na mama yake naye alicheka. Leo akikikumbuka kile kibanzi, anasema, roho inamchafuka.

Sasa tuje kwenye pipa. Bwana Kambi alikuwa na pipa la kuchuja maji: changarawe chini, mchanga katikati, mkaa juu. Maji yalitoka meupe. Kwa miaka kumi mkewe aliyachemsha maji yale ndipo wakanywa, na hakuna aliyeugua. Halafu, miaka miwili iliyopita, tulimwalika hapa redioni. Alieleza vizuri, tukamsifu, naye sifa zikamlevya. Akasema maji ya pipa lake hayahitaji hata kuchemshwa. Wasikilizaji, mimi nilimpigia makofi. Sikumuuliza swali hata moja.

Kuanzia siku hiyo birika la kuchemshia lilipigwa marufuku kambini. Mkewe alipohoji, alijibiwa kwamba mtu ameshasema mbele ya nchi nzima, sasa majirani wamkute anachemsha? Atauficha wapi uso wake?

Mwaka huu walipofika mtoni walikuta kambi mpya imefunguliwa upande wa juu. Wale wenzetu walichimba vyoo hatua tano tu kutoka ukingoni, mvua ikanyesha, vyote vikashuka mtoni. Nitasema alichokiona dobi, na mnaokula mnisamehe. Aliona povu la kijivu limeganda kwenye mawe. Aliona nepi imenasa kwenye tawi, nzi wameifunika. Aliinama, akanusa, akarudi nyuma ameziba mdomo.

"Miaka kumi na tisa nafua nguo za watu," alimwambia mumewe. "Pua yangu hainidanganyi. Haya ni maji ya choo, baba watoto."

Mumewe hakubishana naye. Alichota kikombe kutoka kwenye pipa, akakinywa chote mbele ya mabinti, akafuta mdomo kwa mkono. Mkewe akachemsha maji ya watoto na yake kwa kujificha, akasingizia anapika chai. Kwa hiyo watoto walipona. Kwa hiyo yeye naye alipona. Mume aliendelea kunywa ya pipa.

Siku ya tatu tumbo likaanza kumwendesha. Siku ya nne hakuweza kusimama. Macho yaliingia ndani, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki vilevile. Dobi alifua shuka za mumewe kwenye maji yaleyale yaliyomwangusha, akatapika mara mbili kando ya beseni, akaendelea kufua. Nilimuuliza kwa nini hakwenda kuomba msaada. Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini hakuruka angani.

Na msaada, wasikilizaji, haukuwa mbali. Hema la jirani lilikuwa la dereva mstaafu, na gari lake dogo la mizigo liliegeshwa chini ya mti, hatua mia moja. Mchana wa siku hiyohiyo ya nne dereva alikuja kuazima shoka. Alisimama nje, akasalimia kiungwana: "Shemeji, hamjambo humu?"

Ndani ya hema, mumewe alikohoa. Mkewe alikijua kikohozi kile. Kilikuwa cha kumwonya.

"Hatujambo," akajibu. Akampa shoka.

Dereva akashukuru, akaenda zake. Hatujambo. Mtu ndani hana hata mate ya kumeza, na nje tunasema hatujambo.

Siku ya tano asubuhi Bwana Kambi hakuamka alipoitwa. Hapo mkewe alikimbia bila viatu. Dereva hakuuliza la pili, alimbeba mgonjwa mwenyewe. Walifika hospitali, na daktari akapokea maiti. Alimwambia mjane kwamba angeletwa jana, dripu chache zingetosha. Jana ndiyo ilikuwa siku ya shoka.

Mazishini alisimama fundi mwenzake wa marehemu, akammwagia sifa. Alisema ameondoka kama alivyoishi, hakumsumbua mtu. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mjane anasema kichefuchefu kilimpanda palepale kaburini, kilekile cha kwenye beseni. Lakini hata hicho alikimeza. Kilichomshinda kilikuja jioni, nyumbani. Shangazi mmoja aliingia jikoni, akataka kusaidia kuosha vyombo. Binti mkubwa, mwenye miaka kumi na tano, akamzuia mlangoni, uso mkavu.

"Asante, shangazi. Tunajiweza."

Sauti ilikuwa ya baba yake mtupu. Mjane aliyasikia hayo kutoka sebuleni. Aliona wazi kwamba amezika mume, na siku moja atazika mtoto kwa ugonjwa uleule. Ndiyo maana alikuja kwetu. Shemeji zake wamemkasirikia, wanasema anamvua marehemu nguo hadharani. Amewajibu kwamba nguo za marehemu amezifua yeye, anajua zilikuwaje.

Kwa mjane, kwa mabinti wawili, kwa ndugu na mafundi wenzake: poleni sana. Poleni kutoka kwetu tuliopiga makofi. Kwenu mliojenga pipa kwa kutusikiliza: mchanga na mkaa huondoa tope, haviondoi vijidudu. Chemsheni. Narudia, chemsheni. Na kila mmoja wetu leo ajikague, nyumbani kwake ni jambo gani linalofichwa mgeni akibisha hodi.

Mwezi uliopita shule zilifungwa tena. Dobi alifunga mizigo, akawapeleka mabinti kambini, mto mwingine, maji safi. Hema lilipokwisha simama, aliwashika mikono wote wawili akawaongoza hadi hema la watu wasiowajua. Binti mkubwa aliuliza wanafuata nini.

"Chumvi," akasema.

"Mama, chumvi tunayo. Pakiti nzima."

"Najua. Tembea."

Anasema mwili ulimsisimka kwa kinyaa, kinyaa cha kufundishwa miaka yote ile. Akaomba hivyo hivyo. Mwenye hema akampa kijiko kimoja cha chumvi kwenye karatasi, akauliza hali zao.

Dobi alifungua mdomo, akashindwa. Ndipo binti mkubwa akatazama chini, akasema polepole, "Hatuko vizuri. Baba yetu amefariki."

Mwenye hema akavuta viti vitatu.