Kapu la Wali Lililotuliza Simu za Morogoro

Baada ya miaka ishirini na saba kazini, Ndugu Leodegar Hyera, fundi mkuu wa mitambo ya maikrowevu, ile inayorusha simu hewani, hapa Posta, anastaafu tarehe 30 Juni, 1984. Alikuja na baiskeli, anaondoka na baiskeli ileile.

Wengi tulidhani mitambo yetu inaendeshwa na maazimio ya vikao. Kumbe ndani mna kipande cha semikondakta, kidogo kama punje ya mchele, kinachotetemesha umeme mabilioni ya mara kwa sekunde. Joto likipanda na kushuka, masafa ya mawimbi yanahama, na simu za Morogoro, pamoja na za Dodoma zinazopitia huko, zinageuka mvumo mtupu. Ndiyo maana chumba kililetewa kiyoyozi. Kamati ya kazini ikakihamishia ofisini kwa Meneja, kwa kuwa naye huchemka.

Tangu hapo, kila saa saba mchana mawimbi yalitangatanga, na kamati ikaunda kamati ndogo. Ndugu Leodegar hakuunda kitu. Alikwenda Kariakoo kwa Bi Zamda, muuza wali, akanunua kapu lililoshonewa sufi ndani, lile la kutunzia wali usipoe, akalifunika juu ya kasha la mtambo. Joto halikuondoka, ila lilitulia mahali pamoja, na mawimbi yakatulia nalo.

Mwaka jana, wakati wa msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, barua isiyo na jina ilidai fundi anaficha mchele mtamboni. Wee! Hapo mtu alikuwa anakwenda jela. Mwenyekiti wetu wa kamati, Ndugu Fikirini, alifika saa saba na mgambo wawili. Leodegar alimsihi asubiri jioni, akaambiwa mhujumu hapangi ratiba. Kapu likafunuliwa. Ghorofa ya chini Meneja alikuwa akiwasomea wakubwa wa Dodoma kwa simu taarifa ya mafanikio. Simu ikafa katikati ya mafanikio ya tatu. Alipanda ngazi mbiombio akipiga kelele kapu lirudishwe. Likarudishwa, likapewa namba ya mali ya umma. Leodegar akapewa onyo kwa kutolijazia fomu.

Barua ile niliiandika mimi, Tarsis, mwenzake wa miaka tisa. Nilikitaka cheo chake. Najua anajua, maana barua alionyeshwa, na mwandiko wangu anausoma kila siku kwenye daftari la mtambo. Jana alinikabidhi ufunguo, akanionyesha taratibu namna ya kulifunika kapu.

Nimeona aibu, kaka. Nisamehe. Ahsante kwa yote. Wewe na shemeji mkapumzike salama Songea.