Macho ya Momanyi

Kwenye kona ya fundi cherehani, chini kidogo ya soko la Kisii, kuna ubao uliolazwa juu ya mawe mawili. Kila mchana watatu wale wale huukalia, karibu na birika la muuza kahawa, na kuhukumu dunia. Sajini, yaani Onsongo, alirudi kutoka vita vya Burma na koti ambalo mpaka leo hajalivua. Reli ni Okeyo, mtu wa ziwani, aliyewahi kupiga nyundo kwenye reli kule Kisumu. Sabato ni Machogu. Dini yake ya Kisabato haimruhusu kahawa, kwa hiyo hukaa upande unakoelekea upepo ili angalau aipate harufu. Siku hiyo nilikuwa wa nne, mwishoni mwa ubao: mimi Momanyi, kijana wa Gesima, niliyefukuzwa kazi asubuhi kwenye ghala la kahawa. Mvua ilikuwa imeingia ghalani. Bwana Mrefu, mzungu wetu, akaniuliza kama nilifunga mlango. Nikasema nilifunga, na kweli nilifunga, ila nilisema nikitazama chini, kama ninavyomjibu mtu yeyote wa umri wa baba yangu. Akasema mtu anayeficha macho anaficha neno. Mpaka kengele ya saa tisa nilete mtu mzima mmoja wa kunisemea, la sivyo nirudi kwetu. Na mjini hapo, watu wazima niliowajua ni hao watatu tu.

— Tata, nimefukuzwa kwa sababu ya macho, nilianza, nikiwaita baba kama tunavyoita kwetu. Nimekuja kwenu ili...

SAJINI: — Macho! Ngoja nikuambie. Hiyo kitu mimi naijua kutoka Burma. Afisa akiongea, wewe unamwangalia hapa, katikati ya kofia. Ukiangalia chini, adhabu yako ni kuchimba choo. Mwenye macho haambiwi tazama.

RELI: — Hiyo methali si ya choo, Sajini.

SAJINI: — Ni ya macho. Choo kina macho?

SABATO: — Lakini huyu kijana amefanya nini kibaya? Kwetu mtoto hamkazii mkubwa macho. Akikukazia, unajua hana adabu, nyumba yao haina mtu.

RELI: — Hata kwetu ziwani. Shida ni macho ya mzungu yenyewe. Ni kama maji ya kisima, unaona mpaka chini. Basi na yeye anataka aone chini yako. Akikosa, anaogopa.

SABATO: — Anaogopa Momanyi? Haba na haba hujaza kibaba.

Hakuna aliyeuliza kibaba kimeingiaje hapo. Muuza kahawa alimimina tena. Mimi nilishika kikombe changu bila kunywa, nikingoja wazee wamalize, maana nimelelewa hivyo. Jua lilikuwa limeshavuka paa la fundi.

— Tata, nilisema, saa tisa...

SAJINI: — Bado mapema, mwanangu. Kunywa. Sasa, mnajua ile miwani ya Bwana Mrefu?

RELI: — Ina nini?

SAJINI: — Ile inashika weupe wa jicho peke yake. Ukiinamisha macho, haioni mtu. Inaona nguo zimesimama.

SABATO: — Nguo tupu?

SAJINI: — Shati na kaptula. Sasa nani ataajiri kaptula?

Walicheka mpaka ubao ukatikisika. Nami nilitabasamu kidogo kwa heshima. Nilikuwa mpweke zaidi pale katikati yao kuliko nilivyokuwa ghalani asubuhi. Kila walichosema ndicho nilichotaka kisemwe, ila kwa Bwana Mrefu, kule juu, mwendo wa dakika chache tu.

Mwanamke mmoja alikuja na gauni la kushonwa kiraka. Reli alimwamkia kwa Kijaluo, akamwita Aluoch. Akatusalimu wote, kisha akanitazama mimi na kikombe changu kilichojaa.

ALUOCH: — Na huyu kijana, amekuja kuwaomba nini?

Sajini alimtazama Reli. Reli akamtazama Sabato. Sabato akavuta harufu ya kahawa, lakini birika lilikuwa tupu na muuza kahawa alikuwa anasuuza vikombe. Ndipo tukasikia kengele ya ghala.

— Nilikuwa natafuta mtu mmoja tu, nilisema, wa kwenda na mimi kwa Bwana Mrefu kabla ya hiyo kengele. Amwambie kwamba kwetu hii ni adabu.

Sajini alisimama, akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja. Kisha akakumbuka kengele imeshalia, akaketi tena.

SAJINI: — Mwanangu, mimi ningekwenda. Mbona hukusema?

— Mlikuwa mnaongea, tata, nilimjibu, nikitazama chini.