Shangazi wa Kituo na Miaka Miwili Aliyoiongeza

Marehemu, ambaye karibu sote hapa tulimwita Shangazi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkewe mkulima. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akajifunza ushonaji kwa miaka miwili.

Mwaka 1981 aliolewa na dereva wa lori. Hawakujaliwa mtoto. Mumewe alifariki mwaka 2003, na Shangazi hakuolewa tena.

Tarehe 3 Januari 1984 aliajiriwa kuwa mlezi katika kituo cha watoto wasio na wazazi. Alikataa kuitwa mama. "Kila mmoja hapa ana mama yake, hata kama hatumjui," alisema. "Mimi ni shangazi, na shangazi ana ruhusa ya kugomba." Kwa kuwa nguo za kituo zilifanana, alimshonea kila mtoto alama ya uzi wa rangi yake kwenye kola. Mtoto mmoja alilalamika, "Shangazi, uzi wangu umechuja." Akamjibu, "Uzi ndio umechuja. Wewe bado."

Juni 2006 waliletwa dada wawili, mkubwa miaka saba, mdogo mitano. Shule ilipokea wa miaka saba tu, na mkubwa aligoma kwenda bila mdogo wake. Shangazi alimwambia karani wa kituo awaandike wote wawili kuwa na miaka saba.

"Ni mapacha," alisema.

"Mapacha gani hawa, Shangazi? Mmoja anamfikia mwenzake kifuani."

"Huyu alichelewa kula. Andika, baba, tuna kazi."

Karani alicheka, akaandika, na Shangazi akatia sahihi. Dada hao walikaa dawati moja kwa miaka kumi na moja. Mkubwa ndiye anayesoma maneno haya.

Kituo kina sheria kwamba anayetimiza miaka kumi na minane huondoka. Mwaka 2017 wote wawili walitimiza kwenye karatasi. Mkubwa alikuwa na mfadhili na nafasi ya shule ya bweni. Mdogo alikuwa amefeli mtihani wa kidato cha nne, na kwa kweli alikuwa na miaka kumi na sita. Shangazi alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii mara nne.

"Mimi ndiye niliyedanganya," alimwambia ofisa. "Niadhibuni mimi, mtoto abaki."

"Mama, karatasi ina sahihi yako. Nikiifuta hii, nitafuta ngapi?"

Mdogo aliondoka tarehe 30 Septemba na begi moja na godoro. Shangazi alipostaafu Machi 2018, alipanga vyumba viwili na kumwekea kitanda. Mdogo alikuja mara mbili. Mara ya tatu alituma salamu kwamba amepata kazi ya ndani. Shangazi alipomfuata huko, mwenye nyumba alisema binti ameondoka na hakuaga. Tangu hapo, kwa miaka sita, Shangazi alizunguka hospitali, vituo vya polisi na masoko akiwa na picha ya shule. Kitanda hakikulaliwa.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa. Wiki yake ya mwisho alimwuliza mkubwa, "Umempata?"

"Bado, Shangazi."

"Vizuri. Usije ukanidanganya eti ameonekana, nife nimefurahi. Nilidanganya mara moja kwa huruma, na unaona yaliyotupata."

Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita.

Ameacha kaka mmoja, wapwa watano, watoto mia moja na kumi na wawili aliowalea, na binti mmoja ambaye hatujui kama anajua kwamba leo tunamzika. Tumetangaza redioni mara tatu. Hakuna aliyepiga simu.

Shangazi, pumzika kwa amani. Hatuna jipya la kukuambia.