Historia ya Marehemu Edmund Kalinga na Pande Lake la Kioo

Nyamazeni kwanza, na wewe unayetikisa kichwa kabla sijafungua karatasi, kitikise umalize, maana ninayoyasoma hapa nimeyaona kwa macho yangu, na usiyeamini moto uko nje, nenda ukaote. Mimi ni Severina Kalinga, shangazi yake marehemu, darasa la nne la mkoloni. Aliyetakiwa kusoma ni mdogo wangu Yohane, baba mdogo wa marehemu, lakini yeye tangu jana anatangaza kwamba jeneza halitoki hapa Kihesa mpaka pande la kioo la marehemu livunjwe, ili bahati ya ukoo iliyofungiwa humo itoke, na kwamba mjane akikataa aiache nyumba hii waliyojenga na marehemu arudi kwao Rujewa. Haya, tusikilizane, halafu tutaona.

Marehemu Edmund alizaliwa Kilolo tarehe 2 Februari 1940, mtoto pekee wa kaka yangu Liberatus, akiwa na kichwa kikubwa ambacho watu walisema ni akili na mama yake akasema ni kichwa tu. Alisoma shule ya msingi huko huko Kilolo, akamaliza sekondari hapa Iringa mwaka 1960, akafundisha kidogo, na mwaka 1966 serikali ikampeleka Ujerumani Mashariki kujifunza mambo ya mwanga, jambo ambalo Yohane aliwaeleza watu kijijini kuwa ameenda kusomea taa.

Kazi aliyoifanya huko ni kuweka alama katikati ya kioo bila kukitoboa wala kukikwaruza kwa nje, kwa mwanga uitwao leza, unaotoka kwa mpigo mfupi hivi kwamba ukipepesa jicho umeshachelewa, kisha lenzi inaukusanya. Mnaguna? Nyinyi leo mmekuja mmoja mmoja, wa Kilolo kwa njia yake, wa Rujewa kwa njia yake, na huko njiani hamkuharibu kitu, lakini mlipokutana wote kwenye sufuria moja ya wali, ile sufuria iko wapi sasa? Ndivyo mwanga ule ulivyo, usoni mwa kioo unapita kwa adabu kwa sababu umetawanyika, ukikutana wote ndani ndipo kioo kinapata habari yake.

Alirudi Agosti 1974 na pande hilo, ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, amelifunga kwenye soksi, na ndani yake kuna duara la vidoa vyeupe kama punje za ulezi. Mama yake akalisugua kwa majivu, akalisugua kwa mchanga, akanipa mimi, nikasugua mpaka mkono ukafa ganzi, mikwaruzo tukaiacha kwa nje na vidoa viko vile vile, Edmund amekaa kwenye kigoda anatutazama, anasema, "Shangazi, unafagia uani, takataka ziko chumbani."

Oktoba mwaka huo aliajiriwa Mbeya, katika ofisi ambayo siitaji kwa kuwa wakubwa wake wamekaa pale wanakunywa chai yetu, ambao walisoma vyeti vyake, wakaona neno kioo, wakamkabidhi madirisha. Alikata na kubandika vioo vya madirisha zaidi ya mwaka, msomi mzima, na mvua haipiti pale mpaka leo, hadi Januari 1976 alipohamishiwa kufundisha fizikia sekondari.

Alifunga ndoa na Roza tarehe 14 Juni 1975 huko Rujewa, baada ya baba yake Roza, mzee Budeba, aliyehamia Usangu na ng'ombe zake kutoka Usukumani, kumuuliza ana mali gani, naye akatoa soksi. Mzee alilinyanyua pande lile juani, akalinusa, akasema, "Kijana, ng'ombe zako umezifungia humu, nitazikamuaje?" Tulicheka mpaka nyama ikaungua, lakini Roza akalichukua, akalitazama, akajibu, "Baba, mtu anayeingia ndani bila kuvunja mlango, mimi namtaka," na mzee akakubali kabla chai haijapoa. Hapo hapo Edmund akampa Roza pande hilo liwe lake, mbele yetu sote, Yohane akiwemo, mdomo umejaa.

Walijaliwa watoto wawili, Evarista, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1976, na Liberatus, tarehe 11 Septemba 1978.

Novemba 1978 marehemu alianza kuvimba miguu, akatibiwa Mbeya na baadaye hapa Iringa, daktari akasema ni figo, Yohane akasema ni kioo. Alifariki Jumanne tarehe 6 Machi 1979, asubuhi, Roza akiwa amemshika. Wiki ile ya mwisho nilimuuliza, mwanangu, mle ndani uliweka nini, akasema, "Sikuweka kitu, shangazi, ni kioo chenyewe kilibadilika pale mwanga ulipokutana." Kwa hiyo Yohane, wewe niliyekubeba mgongoni ukinikojolea njia nzima, ukilivunja utapata vigae na kidole kinachotoka damu, bahati haimo na haikuwahi kuwamo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakuchoka, majirani wa Kihesa walioleta kuni na mahindi, walimu wenzake waliosafiri na mvua kutoka Mbeya, hata wale wa madirisha. Edmund mwanangu, pumzika kwa amani, huku kelele tuachie sisi.

Jeneza liko kwenye lori tangu nilipoanza kusoma, Roza yuko mbele na dereva, pande lake amelipakata, na tunakwenda Kilolo kuzika. Anayekuja aje sasa hivi. Mimi natoka, mlango naufunga, na ufunguo nampelekea mwenye nyumba, Roza.