Kisu Alichokinoa Mwenyewe

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Makali, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili kati ya wanne. Mimi ninayesoma ni dada yake, kitinda mimba.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1982. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti: "Ana bidii, ila anaogopa hata chaki." Hakumsingizia. Kaka alikuwa mwoga. Akiona mbwa, hata aliyefungwa mnyororo, alivuka barabara. Tukimtania alijibu, "Chekeni tu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Mwaka 1984 mjomba alimfundisha kunoa visu, na kwa miaka thelathini na tisa alikaa na mashine yake ya kukanyaga kwa mguu mlangoni mwa soko. Kabla ya kunoa aliuliza, "Unakwenda kukata nini?" kwa sababu kisu cha nyama na kisu cha ngozi havinolewi sawa. Asiyejibu hakunolewa.

Alifunga ndoa tarehe 5 Agosti 1995. Siku ya kujitambulisha ukweni alijificha nyuma ya mjomba, wenyeji wakampa mjomba kiti cha mchumba. Wifi hakuchoka kutusimulia hilo.

Jumamosi, tarehe 9 Septemba 2023, wateja walikuwa wengi, akamnolea kijana mmoja bila kumuuliza. Saa nne asubuhi nilikuwa nimempelekea chai, tukasikia mayowe kwenye duka la mikate lililo mkabala. Kijana yule alikuwa amemkaba muuzaji, binti wa watu, kisu shingoni. Wote tulirudi nyuma. Mlinzi wa soko alitupa rungu akatimua mbio. Simlaumu, maana mimi mwenyewe nilijibanza nyuma ya mashine ya kaka.

Nilimshika kaka shati. "Usiende, kaka! Polisi wameshapigiwa simu."

"Mpaka wafike?" Alikuwa anatetemeka kuliko mimi, meno yanagongana. "Kile kisu nimekinoa mimi. Najua kinavyokata."

"Una watoto wewe!"

"Na yule si mtoto wa mtu?"

Hakujaribu kujinasua. Alisimama akingoja nimwachie, nami nikamwachia. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema, na naogopa kujua.

Alikwenda hatua fupi fupi, mikono wazi. "Mwanangu, hicho kisu sijakimaliza. Upande mmoja bado butu. Lete nikimalizie." Kijana akakigeuza akitazame, na binti akachoropoka. Kilichofuata wengi wenu mlikiona.

Kaka alilazwa na jeraha la tumbo, akafanyiwa upasuaji mara mbili. Kila muuguzi alipoleta sindano alifumba macho na kuomba ashikwe mkono. Jeraha lilitunga usaha, homa ikapanda, na Jumatatu, tarehe 18 Septemba, saa kumi na moja jioni, alituaga akiwa ameshikwa mkono na mkewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, mjukuu mmoja na sisi ndugu zake watatu. Binti wa duka la mikate yuko nasi hapa, amekaa na wifi. Jana watoto waliniuliza, "Shangazi, ingekuwa wewe, ungekwenda?" Niliwaambia ukweli: nisingekwenda.

Pumzika, kaka. Hofu tuachie sisi.